Siku Niliyotoa Majani Kwenye Njuga za Mjomba

Ukifika Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, ukauliza nyumba ya Mama Salehe, watu watatazamana, maana kina Mama Salehe tuko wengi, lakini ukiuliza nyumba ya yule mama aliyecheza na mbwa mbele ya Mzungu, hata mtoto anayenyonya atakunyoshea kidole, na hiyo ndiyo aibu yangu, nimeibeba tangu usichana mpaka sasa nina wajukuu, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao siku ile hawakuwapo (tena wanaongeza mbwa, nimemsikia mmoja anasema walikuwa mia, mia watoke wapi?). Chekeni, nimewaruhusu. Ila mnisikilize mpaka mwisho, maana wote wanaonicheka huishia pale nilipoanguka, na mimi sikuishia pale.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, na baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani mwa duka la Muhindi mmoja tuliyemwita Bwana Kanji, mtu mpole asiyependa kelele, na kila mchana mimi nilimpelekea baba bukari na ndakala, yaani ugali na dagaa, nikakaa kando nikingoja sahani. Siku moja nikasikia nyuma ya duka kishindo cha miguu, si kishindo cha kutwanga wala cha kukimbiza kuku, ni miguu inayopiga sakafu kwa hesabu, basi mimi na umbea wangu nikazunguka, nikachungulia jikoni, nikamkuta Mama Hansa, mke wa Bwana Kanji, yuko peke yake, sari ameikunja juu, anacheza. Macho yanacheza, shingo inacheza, vidole vinacheza, na uso unamtoka jasho kana kwamba ana shamba la kulima hapo hapo sakafuni.

Akaniona. Nilitaka kukimbia, lakini akaniuliza, “Unaangalia nini?” Nikamjibu, “Naangalia miguu, mama.” Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ngoma ile aliifundishwa Bombay alipokuwa msichana. Ni ngoma ya zamani sana, ya mahekalu ya kusini kwa nchi yao, ina jina lake refu, Bharatanatyam, ambalo mimi nilihitaji siku nyingi kulitamka bila kujiuma ulimi. Halafu akaolewa, akaletwa kwetu Baraka, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kumpigia mdundo, na binti yake Hansa alikuwa shuleni katika mji wa Usumbura na hakuitaka kabisa hiyo ngoma. Kwa hiyo nikawa mwanafunzi wake mimi, Zaina binti wa fundi, na hakuwa na mwingine.

Msidhani ni mchezo. Unakaa nusu, magoti yametazama nje, mgongo umenyooka, bila kiti, na unabaki hapo hapo huku miguu inapiga, mapaja yanawaka moto, na Mama Hansa ameketi kwenye kigoda, anagonga fimbo juu ya kibao na kuimba hesabu, ta-ka-dhi-mi, ta-ka-dhi-mi, na ukidhani umepata anakuambia, “Miguu iko hapa, lakini macho yako iko wapi? Imelala! Amusha macho!” Nililia mara nyingi, ila sikuacha. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kichwa changu kiliumbwa kwa jiwe la kusagia.

Basi Bwana Kanji akaamua kwamba mwaka ule Diwali, sikukuu yao ya taa, ataifanya mbele ya duka, aalike watu wote wa Baraka, amwalike hata Mzungu wa Teritware, yaani yule mkubwa aliyekaa Fizi kule juu, pamoja na Madamu wake. Na Mama Hansa akamwambia mumewe kwamba Zaina atacheza. Mumewe akakuna kichwa, akasema sawa, lakini baba yake aulizwe.

Baba yangu alikuwa Mwislamu wa kweli, kofia haimtoki kichwani, swala haimpiti. Aliacha cherehani, akavua miwani, akanitazama kwa muda mrefu.

“Zaina, we ni mutoto wa batu ba heshima. Nitakubali mara moja tu, juu Bwana Kanji ameniomba. Lakini ukiniletea haya mbele ya batu, kesho yake unaenda Nundu kwa shangazi yako, utalima mihogo, na ile mambo ya kupiga miguu itaisha. Umesikia?”

“Nimesikia, baba.”

“Na miungu yabo usicheze.”

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu hadithi zote alizozijua Mama Hansa zilikuwa za miungu yao, na bila hadithi ngoma ile inabaki miguu mitupu. Tukakaa jikoni kichwa chini. Mimi nikamwambia, mama, tucheze mboloko, yule paa mdogo wa msituni, anashuka kunywa maji mto Mutambala, anasikia wawindaji, anakimbia, anaruka wavu, anapona. Mama Hansa akafikiri, halafu vidole vyake viwili vya katikati vikagusa kidole gumba, vile viwili vya pembeni vikasimama juu kama pembe, na nawaambia, mboloko akawa pale jikoni, anatazama. Kumbe kwao mnyama huyo walikuwa naye tayari tangu zamani, alikuwa anangoja kuletewa mto wake tu.

Nikaongeza na mabega, yale mabega ya Kibembe, kabila la mama yangu, yanayotetemeka yenyewe huku mwili umetulia. Mwanzoni Mama Hansa alikataa, akasema kwao mabega hayaruhusiwi kufanya fujo. Siku ya pili yake nikamkuta anayajaribu mbele ya kioo, mlango ameufunga. “Hii mabega yenu inatembea pasipo ruhusa,” akasema, na akaendelea.

Mdundo tulimwomba Mjomba Lubunga, kaka wa mama yangu, mwindaji na mpiga ngoma, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Yeye na Mama Hansa waligombana juma zima, huyu na fimbo yake, huyu na ngoma yake, mpaka Mjomba akasema, “Mama, ngoma yako inapanda ngazi, ya kwangu inazunguka nyumba. We panda. Mi nitazunguka, tutakutana ku mulango.” Na kweli walikutana, na siku walipokutana mimi nilisikia vinyweleo vinanisimama.

Kilichobaki ni njuga. Mchezaji wa ngoma ile hufunga njuga za shaba miguu yote miwili, ndogo ndogo nyingi zimeshonwa kwenye ngozi, na za Mama Hansa panya walikuwa wamekula ngozi ya mguu mmoja ndani ya sanduku, njuga zake zikadondoka na kupotea safarini, ukabaki mguu mmoja mzima. Aliagiza nyingine Usumbura, meli ikaja bila njuga, ikaja tena na sabuni na mafuta ya taa, njuga hakuna. Akaniambia, “Zaina, tuache. Utacheza bila njuga. Miguu inatosha.”

Angekuwa mtu mwenye akili angeitikia. Mimi nikaenda kwa Mjomba.

Hapa lazima niwaeleze wale wasiotoka kwetu. Mbwa wetu wa msituni hawabweki, wako kimya, kwa hiyo mwindaji humfunga mbwa njuga ya chuma shingoni apate kusikia alipo. Mkiwa njiani, ile njuga inajazwa majani ilale. Mkifika, nyavu zikishatandazwa, mwindaji anatoa majani, na mbwa akisikia tu ile sauti anajua kazi imeanza, na mbwa wengine wote wanamfuata yule anayelia njuga, popote anapokwenda, bila kuuliza. Hilo halifundishwi shuleni. Mtoto wa huku analijua kabla ya kujua kuvaa nguo mwenyewe, na mimi nililijua (ndiyo maana nasema aibu ni yangu, si ya mbwa).

Mjomba alizitoa pale zilipotundikwa juu ya kitanda chake. “Nitakupa, juu we ni mutoto ya dada yangu. Lakini majani usitoe! Batu bazione na macho tu, inatosha. Mbwa bamekaa sana, mvua imebafungia.”

“Sitatoa, mujomba.”

Nikazipeleka kwa Mama Hansa, nimezisugua kwa mchanga mpaka zinang’aa, nimezishona kwenye kipande cha ngozi alichonipa mwenyewe, na majani nimeyarudisha ndani. Akazipokea kwa mikono miwili, na kabla sijasema neno akaziinua, akazigusisha machoni, jicho la kulia, jicho la kushoto, halafu kwenye paji la uso, kama walivyomfundisha walimu wake, kwa sababu kwao njuga za mchezaji zina heshima. Watu wale hawakula nyama, hawakugusa hata yai. Na zile zilikuwa zimetoka shingoni mwa mbwa wa kuwinda.

“Njuga za nani?” akauliza.

“Za kwa mujomba, mama. Za zamani. Ni za kuonekana tu.”

“Banacheza nazo?”

“Banakimbia nazo,” nikasema, na nikageuza maneno upesi, nikamuuliza habari za sari.

Maana na sari ilikuwepo. Mama Hansa alitoa sari yake ya harusi, nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, akampa baba aikate, na baba (aliyesema hataki kusikia habari za ngoma) alikaa nayo siku nyingi, akanishonea suruali na blauzi iliyonifunika mpaka shingo, na mbele akaweka mikunjo inayofunguka nikikaa nusu na kujifunga nikisimama. Hakuwahi kushona kitu kama kile. Nilimwona anaifungua na kuifunga kwa mkono, peke yake, akidhani hakuna anayemwona.

Siku ikafika. Mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha, na alasiri uwanja mbele ya duka ukajaa watu, wavuvi, wakulima, bamama wa soko, wapagazi wa mizigo, na wawindaji ambao tope la njia ya Lulimba lilikuwa limewazuia nyumbani, nao wamekuja na mbwa wao nyuma yao kama kawaida, mbwa wamejilalia huku na huku chini ya kuta, wamechoka kwa kukosa kazi. Jukwaa lilikuwa mbao ndefu zilizolazwa juu ya mapipa. Mbele, viti vya Mzungu na Madamu, na mbele ya viti meza yenye masinia ya halua na peremende za maziwa ambazo Mama Hansa alizipika siku tatu mfululizo. Baba alisimama pembeni na kanzu yake nyeupe ya Iddi. Mjomba aliniapia kwamba kiongozi wa mbwa wake, jina lake Batasema, amemfungia jikoni kwa mama yangu kwa kamba nene.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha kale kitupu, salamu kwa ardhi, salamu kwa mwalimu, salamu kwa watu, halafu miguu. Nikacheza vizuri, nasema hivyo bila haya. Lakini mguu wa kulia ulilia, cha-cha-cha, na wa kushoto, wenye majani, kimya. Cha-cha, kimya. Cha-cha, kimya. Na katika watu nikasikia sauti ya mama mmoja wa samaki, sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja: “Masikini, mutoto muzuri vile, kumbe ni kilema!”

Kilema! Mimi! Nilimaliza kipande nikaingia nyuma ya pazia la kitambaa cha amerikani, nikapumua kama kiberenge, na Mama Hansa akaniambia, “Vizuri, vizuri, sasa mboloko,” akarudi kwenye kigoda chake. Nikabaki peke yangu. Nikautazama ule mguu wa kushoto. Nikajiambia, mbwa wa Mjomba amefungwa, wengine wamelala, na hapa ni dukani, si porini, mbwa gani atawinda dukani? Nikainama nikang’oa majani, njuga moja, ya pili, zote.

Hiyo tu. Kitu kidogo vile.

Nikatoka. Fimbo ikagonga, ngoma ikaitika, nikapiga mguu wa kushoto, na njuga za chuma zikalia kwa sauti nzito, koro-koro-koro, chini ya ile sauti nyembamba ya shaba, na watu wote wakasema “Eeee!” kwa pamoja, maana ilikuwa tamu, jamani, ilikuwa tamu hata leo naisikia. Mjomba peke yake hakusema eee. Mkono wake ulisimama hewani.

“Zaina,” akasema kwa sauti ya chini, “majani!”

Nilimsikia vizuri sana. Nikageuza uso kama mboloko anayetazama upande mwingine.

Wa kwanza kufika alikuwa Batasema mwenyewe, kipande cha kamba kinaning’inia shingoni. Hakubweka (nimewaambia hawabweki), alipanda tu jukwaani, akasimama nyuma yangu, akanitazama kwa lile jicho la mfanyakazi aliyechelewa kuamshwa. Watu wakapiga makofi, wakidhani amefundishwa. Madamu akashika mkono wa mumewe, akasema, “Magnifique!” yaani maridadi sana. Halafu akapanda wa pili, na wa tatu, na kutoka chini ya kuta nikaona mikia inasimama, mbwa wa kila mwindaji wa Baraka, wekundu kwa weusi, wanakuja bila kelele, na wote wakajipanga nyuma yangu.

Mnaelewa walichodhani? Mimi ndiye niliyevaa njuga. Kwa hiyo kiongozi wao nilikuwa mimi.

Nikaenda kulia, wakaenda kulia. Nikaenda kushoto, wakaenda kushoto. Nikazunguka, wakazunguka, na mmoja mdogo akaanguka kwenye pipa akapanda tena. Uwanja ulikuwa unalia kwa kicheko, wawindaji wanaita, “Mbwa wangu! Kuya hapa!” na mbwa hawasikii, maana aliye kazini hasikii, na mimi nimekaa nusu, magoti nje, mgongo wima, macho nimeyaamsha kabisa, huku pua ya baridi inanigusa nyuma ya goti.

Najua mnachotaka kuuliza. Si ungesimama? Ningesimama, njuga zingenyamaza, mbwa wangetulia, kila mtu angechukua wake. Lakini kusimama ni kusema nimeshindwa, na pembeni kule nilikuwa naiona kanzu ya baba, na nyuma ya kanzu nilikuwa naiona Nundu, jembe, mihogo, na Mama Hansa amebaki jikoni peke yake tena. Nikasema moyoni, sishuki. Mbwa wakitaka kucheza, wacheze. Mimi namaliza.

Na hadithi ikawa imefika mahali ambapo mboloko anakimbia. Nikakimbia. Wakakimbia. Mbao zikaanza kurukaruka juu ya mapipa, Mama Hansa fimbo imemtoka mkononi, na Mjomba akaona hakuna njia nyingine, akaacha ngoma, akang’oa majani mkono mzima, akapanda jukwaani anijaze njuga nikiwa ninacheza. Nimekwisha kuwaambia Mjomba alikuwa mtu mnene. Akakanyaga mwisho wa mbao, mbao zikashuka upande wake na kupanda upande wangu, na mimi, na Batasema, na Mjomba, na wale wengine wote, tukateremka pamoja mpaka kwenye meza ya masinia.

Nilikaa ndani ya halua. Si karibu na halua, ndani. Mbwa wakaona kwamba kiongozi wao amewafikisha kwenye chakula, wakashukuru kwa kunilamba uso, masikio, mikono, wakala zile peremende za siku tatu kwa muda wa kufumba jicho, na mmoja akachukua ile kofia ngumu ya Mzungu wa Teritware iliyoanguka, akaenda kuiweka kwa adabu miguuni mwa bwana wake, kama windo. Mzungu alikuwa mwekundu. Sijui kwa hasira au kwa kicheko, sikumtazama, nilikuwa namtazama baba. Baba akanitazama mimi, binti yake, mwenye mate ya mbwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, mbele ya Baraka nzima. Halafu akatazama chini.

Hapo nilitaka ardhi ipasuke initie ndani. Nasema kweli, nilitaka kufa.

Lakini Mjomba, akiwa amelala chini vilevile, alikuwa amenishika mguu na anajaza majani, njuga moja moja, na njuga zikanyamaza, na mbwa wakakaa. Nikasimama. Halua inanitiririka mgongoni. Nikaona jukwaa halipo tena, lipo tope tu, na mboloko wangu hajaruka wavu, yuko katikati ya hadithi, hajafa wala hajapona, na nikaona siwezi kumwacha hapo. Nikakaa nusu. Watu wakazidi kucheka. Nikainua mkono, vidole viwili juu, nikapiga mguu kwenye tope, kimya, nikapiga tena, kimya, na Mama Hansa, ambaye fimbo yake ilikuwa imepotea, akaanza kupiga makofi na kuimba, ta-ka-dhi-mi, ta-ka-dhi-mi, sauti inamtetemeka mwanzoni, halafu haitetemeki. Kicheko kikapungua upande huu, kikapungua upande ule. Nikaruka wavu. Nikatetemesha mabega, nikasikia vigelegele vya mama yangu kutoka nyuma kabisa. Nikafika ng’ambo ya mto, nikanywa maji, nikasalimu ardhi, nikasalimu watu.

Nilipogeuka nimsalimu mwalimu, yule mama wa samaki akasema kwa sauti ileile, “Haya, haiko kilema,” na watu wakapiga makofi.

Mama Hansa hakupiga. Alinivuta nyuma ya pazia.

“Zaina. Ni njuga za mbwa?”

“Ndiyo, mama.”

“Uliniona naziweka kwa macho yangu.”

Afadhali angenipiga. Nilianguka mbele ya Mzungu sikulia, lakini pale nililia mpaka wanja niliopakwa machoni ukaingia mdomoni.

Mjomba alikuwa amesimama penye pazia na halua kwenye ndevu. Akakohoa. “Mama, samahani. Hii njuga, mi naitundika juu ya kitanda. Hakuna mutu anairuka. Mbele ya kwenda kuwinda naishika hivi, nasema nayo kwanza, ndipo namufunga mbwa. Ya baba yangu hii. Haiko kitu ya takataka.”

Mama Hansa alimtazama, akazitazama njuga, zina tope na majani. Akauliza, “Unasema nayo nini?”

“Nasema, usinipoteze.”

Mama Hansa akapiga magoti, akazifungua mwenyewe mguuni kwangu kwa vidole vyake, akazifuta tope kwa ncha ya sari, akampa Mjomba kwa mikono miwili. Machoni hakuzigusisha tena. Ila alizipa kwa mikono miwili.

Baba alikuwa ananingoja nje. Akatangulia kwenda ziwani, mimi nyuma yake na nguo yangu ya halua, watu wanatupisha njia. Dini yetu inasema mate ya mbwa yanaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, basi baba akanipa mgongo, akatazama milima, na mimi nikaingia majini nikajisugua, na yeye anahesabu kwa sauti, moja, mbili, kama Mama Hansa anavyohesabu, na kila hesabu nikawa naaga, kwaheri jikoni, kwaheri fimbo, kwaheri mboloko. Kwenye saba nikamwambia, “Baba, Nundu naenda kesho asubuhi?”

Aliokota ile nguo niliyoivua, akaikunguta, akaikagua kila mshono, kwapa, kiuno, magoti, na hakuna uzi hata mmoja uliokatika (mbao zilivunjika, nguo ya baba haikuvunjika). Akaishika ile mikunjo ya mbele, akaifungua na kuifunga.

“Hapa nilikosea,” akasema. “Uliporuka, ilikubana. Kesho kuya ku duka nikupime tena.”

Ndivyo nilivyobaki Baraka, nikacheza Diwali nyingine tatu, na njuga za shaba zilipofika kwa meli nilifunga miguu yote miwili. Batasema alikuja kila mara, akakaa mbele, akangoja. Na mimi nimeapa, na kiapo changu kipo mpaka kesho: sitafunga tena kitu mguuni kabla sijauliza kinamwita nani, na mwalimu wangu akiniuliza kimetoka wapi, nitamjibu kabla hajakiinua machoni.